Jiwe Letu Linapoingia Kwenye Kompyuta: Namna Viwanda vya Simu Vinavyofuata Madini ya Kivu

Somo la kujadili katika vikundi



Katika vikao vyetu na familia zilizokimbia vita, pamoja na viongozi wao, kuna swali ambalo halikosi: "Hao wenye viwanda vya simu, je, wanajua koltani yao inatoka wapi na nani anakula faida yake?" Wengine wanajibu kwamba wanajua kila kitu na wananyamaza. Wengine wanasema hawajui lolote. Majibu yote mawili yana upungufu. Viwanda vina njia ya kuuliza, na njia hiyo inapita ndani ya programu za kompyuta. Lakini jibu linaloingia katika programu hizo linaanza kuandikwa huku kwetu, karibu na shimo, kwa kalamu ya mtu.

Malengo ya somo hili ni matatu:

- Kufahamu safari ya madini kutoka mgodini mpaka kwenye simu.
- Kufahamu namna programu za biashara zinavyofuata safari hiyo, na mahali zinaposhindwa.
- Kutafuta pamoja jambo ambalo sisi, raia na viongozi, tunaweza kufanya bila kujihatarisha.

1. Jiwe linakwenda wapi?

Tuanze na madini manne yanayotajwa sana: koltani, kasiterite, volframi na dhahabu. Koltani inatoa tantali, na tantali inatengeneza kapasita, kipande kidogo kinachotunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Kasiterite inatoa bati, nalo linatumika kulehemu vipande juu ya ubao wa umeme. Volframi inatumika katika kile kinachofanya simu itetemeke mfukoni. Dhahabu inaunganisha nyaya ndogo ambazo hazipaswi kupata kutu.

Mchimbaji akitoa mchanga wenye madini, anauosha na kuuza kwa negosya. Negosya anapeleka kwa kontwari mjini, Goma au Bukavu kwa mfano. Kontwari inasafirisha kupitia nchi jirani hadi bandari kama Dar es Salaam au Mombasa. Toka hapo mzigo unavuka bahari hadi kiwanda cha kuyeyusha, mara nyingi huko Asia: China, Malaysia, Thailand na kwingineko. Baada ya kuyeyushwa, chuma kinauzwa kwa watengenezaji wa kapasita na wa bati la kulehemu. Hao wanauzia viwanda vya mbao za umeme, navyo vinauzia kiwanda kinachounganisha simu. Mwishoni kabisa ndipo linapoonekana jina tunalolisoma mgongoni mwa simu.

Tushike neno moja hapa. Kiwanda cha kuyeyusha ni mlango mwembamba. Wachimbaji ni maelfu kwa maelfu, na watengenezaji wa vipande ni wengi mno, lakini viwanda vya kuyeyusha duniani ni vichache. Tena, jiwe likishayeyushwa halina tena kabila wala kijiji. Tantali ya Masisi na tantali ya Brazili zinafanana kabisa. Kwa hiyo, kama ukweli juu ya asili ya jiwe haukutunzwa kabla ya mlango huo, baada yake hauwezi kupatikana tena.

2. Kwa nini kampuni zilianza kuuliza?

Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafla sana duniani, na vijana wengi wa Kivu waliacha mashamba na kukimbilia mashimo. Mwaka 2001 wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa waliandika kwamba uporaji wa mali ya Kongo unalisha vita. Kuanzia hapo makanisa, mashirika ya raia na watu wa nchi za mbali waliendelea kupiga kelele.

Mwezi wa Julai 2010, rais Barack Obama alitia sahihi sheria kubwa juu ya mambo ya fedha. Ndani yake kulikuwa na kifungu namba 1502, ambacho huku kwetu watu walikiita "sheria ya Obama". Kifungu hicho hakikukataza kununua madini ya Kongo. Kiliagiza kampuni zinazouza hisa katika masoko ya Marekani kuchunguza na kutangaza kama bati, tantali, volframi na dhahabu zilizomo katika bidhaa zao zinatoka Kongo au katika nchi tisa zinazopakana nayo. Ripoti za kwanza zilitolewa mwaka 2014.

Pengine mama mmoja atauliza: hisa zinahusiana vipi na shimo la koltani? Tufikirie AVEC zetu. Kila mwanachama ananunua hisa, na kwa sababu ameweka fedha yake, ana haki ya kuuliza mwekahazina: fedha yetu imefanya nini? Kampuni kubwa ni vilevile. Mamilioni ya watu wamenunua hisa zake, na kuna tume ya serikali ya Marekani inayolinda haki yao ya kuambiwa ukweli. Wabunge walipitia mlango huo. Walisema: mwenye hisa ana haki ya kujua kama fedha yake inanunua risasi.

Umoja wa Ulaya nao ulitunga sheria yake mwaka 2017, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Hiyo inawagusa hasa wale wanaoingiza madini yenyewe na chuma chake katika Ulaya. Huku kwetu, marais wa nchi za Maziwa Makuu walikutana Lusaka mwezi wa Desemba 2010 na kukubaliana juu ya kupambana na uporaji wa madini, pamoja na cheti cha pamoja kinachofuatana na mzigo unaovuka mpaka.

3. Daftari kubwa la kiwanda

Sasa tuingie kiwandani. Simu moja ina mamia ya vipande vidogo, na kila kipande kina mwuzaji wake. Kipande kimoja kikichelewa, wafanyakazi wote wanasimama. Ndiyo maana viwanda haviwezi kuendeshwa kwa daftari za karatasi. Vinatumia programu za biashara zinazoweka pamoja stoku, manunuzi, mauzo, mishahara na hesabu. Kampuni inayojulikana sana kwa kazi hiyo ni SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972. Nyingine ni Oracle ya Marekani. Thamani yake si ndogo: mwezi wa Machi 2025, SAP ilifika kwa muda kuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote za Ulaya katika soko la hisa. Haichimbi jiwe lolote wala haitengenezi simu. Inauza namna ya kuweka mambo ya watu wengi katika mpango.

Ndani ya programu hizo kuna kitu kinachoitwa orodha ya vipande. Mama anayepika sombe anajua: majani ya muhogo, mawese, kitunguu, samaki, chumvi. Kiwanda nacho kina orodha ya namna hiyo kwa kila simu: kapasita za aina fulani, ngapi, kutoka kwa nani, ngapi zimebaki katika stoku, na lini zitakwisha. Orodha hiyo ikiwa safi, kiwanda kinaweza kuuliza: katika vipande hivi vyote, vipi vina tantali? Vipi vina bati? Nani alituuzia?

4. Swali linashuka, jibu linapanda

Kampuni ya simu haimjui mchimbaji. Haimjui hata mwenye kiwanda cha kuyeyusha. Inamjua yule tu aliyeiuzia ubao wa umeme. Kwa hiyo inamwuliza huyo. Naye anamwuliza aliyemuuzia kapasita. Naye huyo anamwuliza aliyemuuzia unga wa tantali. Swali linashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye mlango ule mwembamba, kisha jibu linapanda tena.

Zamani kila kampuni ilikuwa na karatasi yake ya maswali, na mwuzaji mmoja aliweza kupokea karatasi nyingi zisizofanana. Ndipo kampuni za elektroniki ziliungana na kutengeneza fomu moja ya kompyuta kwa wote. Inauliza mambo kama haya: Je, bidhaa yako ina madini haya? Yanatoka Kongo au nchi jirani? Wauzaji wako wangapi wamekujibu? Taja majina ya viwanda vyote vya kuyeyusha. Fomu zikirudi, programu inalinganisha majina hayo na orodha ya viwanda vilivyokaguliwa. Jina lisilojulikana linatiwa alama, na mtu anatumwa kuuliza zaidi.

Hapo ndipo tunapoona vyombo vya kushirikiana. Maana yake ni daftari moja katika intaneti ambalo watu wa kampuni mbalimbali wanaliandika na kulisoma pamoja, kila mmoja kwa sehemu yake, na kila badiliko linaacha jina la aliyelifanya na saa yake. Tena tukumbuke sanduku la AVEC. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Hatukuweka kufuli tatu kwa sababu wote ni wezi. Tuliziweka ili hata mwaminifu asishukiwe, na mwenye tamaa asipate nafasi akiwa peke yake.

5. Pale uongo unapoingia

Ndugu zetu, programu haina macho. Inaona kile tu kilichoandikwa. Ukiiandikia uongo kwa herufi nzuri, itautunza vizuri na kuupeleka mbali.

Tangu mwaka 2010 na 2011 ulianza mpango wa kufunga mifuko kwa etiketi zenye namba. Mgodi ukichunguzwa na kuonekana hauna watu wenye silaha, watoto wala mama wajawazito wanaofanya kazi shimoni, unapewa rangi ya kijani. Ukiwa na kasoro unapewa manjano, na ukiwa na makosa mazito unapewa nyekundu. Katika mgodi wa kijani, mtumishi wa serikali anafunga etiketi, anaandika namba, uzito, tarehe na jina la mgodi. Mzigo ukifika kwa kontwari unapimwa tena na kuwekewa etiketi nyingine. Baadaye maandishi yote yanaingizwa katika kompyuta.

Mpango huo ni mzuri kama mikono inayoufanya ni safi. Sisi sote tuliopita katika ugawaji wa chakula tunajua neno hili. Jetoni ikitolewa kwa mwenye haki, chakula kinafika. Lakini jetoni ikiuzwa nyuma ya hema, orodha inabaki nzuri, sahihi zote zipo, na mama mwenye watoto sita analala njaa. Etiketi ni jetoni ya jiwe. Ikiuzwa, jiwe la mgodi mwekundu linavaa nguo ya kijani. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti iliyosema kwamba jambo la namna hiyo limefanyika kwa wingi katika mpango mkubwa wa etiketi. Wenye mpango walikana shutuma hizo.

Wakati mwingine programu inaweza kusaidia kugundua. Tuchukue mfano tu: mgodi unaotoa tani moja kila mwezi, mwezi huu umeandikiwa tani tano, na wachimbaji ni walewale. Kompyuta inaweza kuwasha alama. Lakini lazima awepo mtu wa kwenda kutazama, na lazima wawepo raia wanaoweza kusema ukweli bila kuogopa.

Tena kuna siku ambazo mpango wote unavunjika. Mwezi wa Aprili 2024, kundi la M23 liliteka Rubaya, katika Masisi, mahali panapotoa sehemu kubwa ya tantali ya dunia nzima. Kufuatana na ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Desemba 2024, kodi za koltani ya huko zilikuwa zinaingizia kundi hilo dola karibu 800,000 kila mwezi, na mzigo ulivushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Mwezi wa Februari 2025, serikali ya Kinshasa ilitangaza rangi nyekundu kwa migodi mingi ya Masisi na Kalehe. Ukitazama somo letu, utafahamu uzito wa neno "kuchanganywa". Likishachanganywa kabla ya mlango mwembamba, hakuna programu itakayolitenganisha.

6. Kampuni zikikimbia, nani anaumia?

Hapa tunaomba vikundi visikimbilie jibu. Mwezi wa Septemba 2010 rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na katazo hilo lilidumu mpaka Machi 2011. Nia ilikuwa kukata fedha ya makundi yenye silaha. Lakini familia nyingi zilikosa karo ya shule na fedha ya dawa, na mizigo mingine ilipita usiku. Baada ya sheria ya 2010, baadhi ya wanunuzi nao waliona ni rahisi kukimbia Kongo kuliko kuchunguza.

Mwezi wa Desemba 2024, mawakili wa serikali ya Kongo walipeleka mashtaka Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya matawi ya Apple. Kampuni hiyo ilikana, na ikasema kwamba ilikuwa imewaagiza wauzaji wake wasinunue tena madini hayo kutoka Kongo wala Rwanda. Wengine walifurahi. Lakini mchimbaji wa mahali pa amani, ambaye hajawahi kulipa kodi kwa mtu mwenye bunduki, atauza wapi? Akikosa mnunuzi mwema, atauza kwa mnunuzi wa usiku, kwa bei ya usiku.

Kwa hiyo maombi yetu kwa kampuni ni haya: mtuchunguze sana, lakini msitutupe. Tenganisheni mgodi wa amani na mgodi wa vita. Kutenganisha ni kazi ya gharama, na gharama hiyo isibebwe na mchimbaji peke yake kwa kukatwa bei.

7. Sisi tufanye nini?

Kwanza, usalama. Tusimtume mtu yeyote, hasa vijana, kwenda kupiga picha mgodini au kuhesabu mifuko mbele ya wenye silaha. Hakuna habari yenye thamani kuliko uhai.

Pili, tujifunze kusema habari yenye miguu. "Wanaiba madini yetu" ni kilio cha kweli, lakini hakiingii katika daftari lolote. Habari yenye miguu inajibu: wapi, lini, kiasi gani, nani aliona kwa macho na nani alisikia tu. Tutenganishe kabisa yale tuliyoona na yale tuliyosikia. Uvumi mmoja unaweza kufunga mgodi wa watu wema, au kuwasha chuki juu ya kabila zima.

Tatu, tutumie njia zilizopo. Pale ambapo kamati za ufuatiliaji wa migodi bado zinakutana na raia wanakaa ndani yake, viongozi wa waliokimbia waombe kiti. Wao ndio wanaojua ni barabara gani ilifungwa na ni kijiji gani kilihama. Pale ambapo kamati hizo zimekufa, makanisa na mashirika ya raia yanaweza kupokea habari na kuficha jina la aliyeileta.

Nne, tuanze na orodha zetu wenyewe. Kiongozi anayeongeza majina ya hewa katika orodha ya msaada hawezi kumlaumu anayeuza etiketi. Orodha isomwe mbele ya watu. Nakala ikae kwa watu watatu, na mama mmoja awe kati yao. Jina likifutwa au kuongezwa, iandikwe nani amefanya na kwa sababu gani. Hayo ndiyo yanayofanywa na programu za bei kubwa, nasi tunaweza kuyafanya kwa daftari na kalamu.

Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Lakini njia ya jiwe ni ndefu, na uongo uliofungwa vizuri kwenye mfuko unaweza kuzunguka nusu ya dunia. Anayeweza kuusimamisha mapema ni yule aliye karibu na mwanzo wa njia, na mwanzo wa njia uko kwetu. Tunawatakia mazungumzo mema.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika safari ya jiwe, ni mahali gani ambapo uongo unaweza kuingia kwa urahisi zaidi katika eneo letu? Kwa nini?
2. Etiketi na jetoni zinafanana katika nini? Zinatofautiana katika nini?
3. Kampuni ikiacha kununua madini ya Kongo yote, nani atapata faida na nani atapata hasara? Tutaje watu wa kila upande.
4. Chukueni uvumi mmoja unaozunguka sasa. Je, una miguu? Tunakosa habari gani ili tuujue ukweli wake?
5. Ni orodha gani katika kambi au mtaa wetu inayohitaji kufuli tatu? Nani atashika funguo, na tutaanza lini?